Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyejisomesha kwa vitabu vya wateja

KILA mara mitambo ya Olkaria inapozungushwa na mvuke utokao ardhini, au ile ya Masinga na Kiambere inaposukumwa na maji ya Mto Tana, jambo moja hutendeka ndani yake: sumaku na nyaya za shaba hupitana kwa kasi, na umeme ukazalika. Siri hiyo ilifichuliwa jijini London mwaka wa 1831 na mtu ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hata kwa siku moja.

Mtu huyo ni Michael Faraday. Masomo yake ya shuleni yalikomea kwenye kusoma, kuandika na hesabu za kawaida. Mengine yote aliyachuma katika duka la mjalidi wa vitabu, nyakati za usiku baada ya kazi, kwa kusoma vitabu ambavyo havikuwa vyake.

Maisha yake husimuliwa mara nyingi kama hekaya ya mtu aliyezaliwa na kipaji. Yakichunguzwa kwa makini, yanafunza jambo jingine. Yanaonyesha kwamba kujisomesha ni kazi iliyo na taratibu zake, na kwamba hata elimu isiyolipiwa karo huwa na watu walioigharimia kwa njia nyingine.

Mkate mmoja kwa wiki

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 katika eneo la Newington Butts, ambalo wakati huo lilikuwa pembezoni mwa London upande wa kusini. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama na familia yake kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki. Afya ya mzee huyo ilikuwa dhaifu, na mara kwa mara alishindwa kushika nyundo siku nzima. Mama yake, Margaret, ndiye aliyeishikilia nyumba isiporomoke.

Mwaka wa 1801 bei ya nafaka ilipanda mno nchini humo. Michael, akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja tu ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima. Katika hali kama hiyo, suala la mtoto wa mhunzi kuendelea na masomo halikuweza hata kujadiliwa.

Jamaa hiyo ilikuwa ya madhehebu madogo ya Kikristo yaliyojulikana kama Sandemanian, ambayo waumini wake walijitenga na kanisa rasmi la dola na kufundishwa kutojilimbikizia mali. Imani hiyo Faraday aliishika hadi kufa kwake. Tutaona baadaye jinsi ilivyomwongoza katika kukataa makuu.

Mnamo 1804, akiwa na umri wa miaka 13, aliajiriwa na George Riebau, mhamiaji mwenye asili ya Kifaransa aliyekuwa na duka la kuuza na kujalidi vitabu katika mtaa wa Blandford. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kupeleka magazeti. Siku hizo gazeti lilikuwa ghali, na watu wengi walilikodi kwa saa chache badala ya kulinunua. Kijana Michael alilipeleka kwa msomaji mmoja, akangoja limalizwe, kisha akalichukua na kulikimbiza kwa mwingine.

Baada ya mwaka mmoja, Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa muda wa miaka saba. Kwa desturi ya wakati huo, mzazi alipaswa kumlipa fundi ada kabla ya mwanawe kupokelewa kazini. Riebau aliisamehe ada hiyo kwa sababu ya uaminifu ambao kijana huyo alikuwa ameuonyesha. Hilo halikuwa jambo dogo. Laiti ada hiyo ingedaiwa, mlango ungefungwa hapo hapo.

Duka likawa shule

Kujalidi vitabu ni kushona kurasa, kuzibana, kuzipaka gundi na kuzivika majalada. Wenzake wengi katika kazi hiyo walivishughulikia vitabu jinsi mwashi anavyoshughulikia matofali. Faraday alivifungua na kuvisoma. Riebau aliliona hilo na wala hakumkemea. Alimwacha asome baada ya saa za kazi, na hata alimruhusu kufanyia majaribio yake mumo humo dukani.

Vitabu vitatu hasa ndivyo vilivyomtengeneza.

Cha kwanza kilikuwa juzuu la ensaiklopidia ya Britannica lililoletwa kujalidiwa, ambamo alikuta makala marefu kuhusu umeme. Cha pili kilikuwa kitabu cha mazungumzo juu ya kemia kilichoandikwa na Bi Jane Marcet na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1806 bila jina la mwandishi. Bi Marcet alikuwa amehudhuria mihadhara ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy, akaona kwamba wanawake na vijana wasiokuwa na msingi wa sayansi walihitaji kuelezwa mambo hayo kwa lugha nyepesi. Hakujua kwamba miongoni mwa wasomaji wake angekuwamo mwanagenzi mmoja ambaye angekuja kuwa gwiji. Faraday naye hakumsahau. Hata alipopata sifa duniani, aliendelea kumheshimu mama huyo kama mwalimu wake wa kwanza.

Kitabu cha tatu hakikuwa cha sayansi. Kilikuwa cha mhubiri Isaac Watts, kilichochapishwa mwaka wa 1741, kuhusu jinsi mtu anavyoweza kuikuza akili yake mwenyewe. Watts aliwashauri wasomaji wake kuwa na daftari la kuandikia yale wanayoyasoma, kuhudhuria mihadhara, kuandikiana barua na mtu mwenye hamu kama yao, kujadiliana na wengine, na kutokubali neno lolote ambalo maana yake haijawa wazi.

Wengi husoma mashauri ya namna hiyo, wakatikisa kichwa kwa kukubali, wakafunga kitabu. Faraday aliyageuza kuwa ratiba ya maisha. Alianzisha daftari ambamo alinakili mambo yaliyomvutia katika vitabu na magazeti. Kisha akayatekeleza mashauri mengine, moja baada ya jingine, kama fundi anayefuata mchoro.

Jambo lililomsukuma zaidi katika uandishi ni kwamba alijijua kuwa na kumbukumbu dhaifu. Alilalamikia udhaifu huo maisha yake yote. Kwa kuwa hakuiamini kumbukumbu yake, aliiamini kalamu. Desturi hiyo iliyoanza kwenye daftari la mwanagenzi ndiyo iliyozaa kumbukumbu za maabara ambamo, kufikia uzee wake, alikuwa ameandika aya zaidi ya 16,000 alizozipa nambari kwa mfululizo.

Mikono ithibitishe

Hakuridhika na kuyasoma maelezo ya wengine. Alipokuta katika kitabu kwamba jambo fulani hutokea, alitaka kuliona likitokea. Kwa senti chache alizoweza kuzitenga kutoka kwenye mapato yake, alinunua chupa kuukuu na vifaa vidogo vidogo, akajiundia mtambo wa kuzalisha umeme tuli kwa kusugua kioo.

Mwaka wa 1812 alijitengenezea betri. Alichukua sarafu saba za shaba za nusu peni, akakata vipande saba vya bati la zinki, akavipanga kwa zamu huku akitenganisha kila jozi na nyingine kwa karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa betri hiyo ya sarafu alifaulu kuichanganua kampaundi ya magnesiamu iliyoyeyushwa majini. Furaha yake aliimimina katika barua kwa rafiki yake, karani kijana aliyeitwa Benjamin Abbott.

Barua hizo nazo zilikuwa sehemu ya masomo. Faraday alimwomba Abbott waandikiane mara kwa mara ili ajizoeze kupanga mawazo na kuyaeleza. Alijua kwamba lugha yake ilikuwa na kasoro za kisarufi na tahajia, na hakuona haya kukiri hivyo. Rafiki mwingine, Edward Magrath, alijitolea kumsahihisha kwa saa mbili kila wiki, na mafunzo hayo yaliendelea kwa miaka kadhaa.

Wawili hao, Abbott na Magrath, alikutana nao katika chama cha vijana waliojiita City Philosophical Society. Chama hicho kilikusanyika nyumbani kwa John Tatum, fundi wa fedha aliyekuwa akitoa mihadhara ya sayansi jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kwa mwanagenzi asiyekuwa na mshahara, shilingi ya wakati huo ilikuwa mzigo. Kaka yake Robert, aliyefuata ufundi wa uhunzi wa baba yao, ndiye aliyemtolea. Baba yao alifariki mwaka wa 1810, katika kipindi hicho hicho ambacho mwanawe alikuwa akihudhuria mihadhara hiyo.

Ili aweze kuchora vifaa alivyoviona kwa Tatum, Faraday alihitaji kujua uchoraji. Katika nyumba ya Riebau alikuwamo mpangaji mmoja, mchoraji aliyeitwa Masquerier. Mchoraji huyo alimwazima kitabu na kumwelekeza, na kijana akalipa kwa kumfagilia chumba na kumpigia viatu rangi. Hatimaye alizijalidi kumbukumbu za mihadhara ya Tatum katika majuzuu manne, yenye michoro aliyoichora kwa mkono wake, akamtabarukia Riebau.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Elimu ya Faraday haikuwa na karo, lakini haikuwa ya upweke. Riebau alisamehe ada, Robert akatoa shilingi, Magrath akatoa saa zake, Masquerier akatoa ujuzi. Mwana wa mhunzi alijisomesha, naam, lakini alijisomesha katikati ya watu.

Tiketi nne na kitabu kimoja

Riebau alikuwa na mazoea ya kuwaonyesha wateja wake kazi za mwanagenzi wake. Mmoja wa wateja hao, mwanamuziki William Dance, alivutiwa nazo kiasi kwamba alimpa kijana huyo tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya mwisho ya Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyokuwa ikihudhuriwa na matajiri wa London. Ilikuwa mapema mwaka wa 1812.

Faraday aliketi juu kabisa ya ukumbi, akaandika kila alichokisikia na kuchora kila alichokiona. Aliporudi nyumbani alizinakili kumbukumbu hizo upya kwa mwandiko safi, akaongeza maelezo na michoro, akazijalidi. Kitabu kilichotokea kilikuwa na kurasa zaidi ya 300.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo, uanagenzi wake ulikwisha, akaanza kazi kwa mjalidi mwingine aliyekuwa mkali wa tabia. Wakati wa kusoma ukapungua na moyo ukaanza kuvunjika. Alikuwa amemwandikia Rais wa Royal Society, Sir Joseph Banks, kuomba kazi yoyote ya kisayansi hata iwe duni namna gani. Hakujibiwa.

Mnamo Desemba 1812 alimpelekea Davy barua pamoja na kile kitabu. Davy, ambaye naye hakutoka katika ukwasi, alimjibu kwa upole na kumwita waonane Januari 1813. Hata hivyo nafasi ya kazi haikuwapo, na mwanakemia huyo alimshauri ashikilie ufundi wake wa kujalidi kwa kuwa sayansi hailipi.

Wiki chache baadaye, msaidizi wa maabara katika taasisi hiyo alifutwa kazi kwa kupigana. Davy akamkumbuka yule kijana. Tarehe 1 Machi 1813, Faraday aliajiriwa kwa mshahara wa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili darini, makaa na mishumaa. Alikuwa na umri wa miaka 21. Katika jengo hilo angefanya kazi kwa muda unaokaribia nusu karne.

Si bahati pekee iliyomfungulia mlango. Tiketi za Dance zilikuwa bahati, na ugomvi wa yule msaidizi ulikuwa bahati vilevile. Lakini bahati ilipopita mbele yake ilimkuta ameshika kitabu cha kurasa 300 mkononi.

Mezani pamoja na watumishi

Oktoba 1813 Davy alianza safari ya Ulaya akiwa na mkewe, akamchukua Faraday kama msaidizi wake wa sayansi. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri wakati wa vita vya Napoleon, na Faraday akaombwa ashike kazi zake kwa muda. Muda huo ukawa safari nzima. Mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani, akamtaka ale pamoja na watumishi. Uchungu wake aliuandika katika barua kwa Abbott, na kuna wakati alifikiria kurejea nyumbani.

Alivumilia, kwa sababu aliona kwamba safari hiyo ndiyo chuo kikuu chake. Jijini Paris alishuhudia Davy na wanasayansi wa Ufaransa wakiichunguza aidini iliyokuwa imegunduliwa muda mfupi uliotangulia. Akiwa Milan mwaka wa 1814 alimwona mzee Alessandro Volta, mvumbuzi wa betri ambayo yeye mwenyewe aliiiga kwa sarafu za nusu peni. Alijifunza pia Kifaransa na Kiitaliano. Aliporudi London mwaka wa 1815 alikuwa mtu mwingine.

Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, muumini mwenzake. Hawakujaliwa watoto. Mnamo Septemba mwaka huo huo aliunda kifaa ambacho waya uliopitishiwa umeme uliizunguka sumaku bila kukoma ndani ya chombo cha zebaki. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mota ya umeme.

Fanikio hilo lilimletea majonzi. Mwanasayansi William Wollaston alikuwa amewahi kujaribu jambo la namna hiyo, na Faraday aliharakisha kuchapisha matokeo yake bila kumtaja. Uvumi ukaenea kwamba amepora wazo la mkubwa wake. Davy, aliyekuwa amemwinua, sasa aligeuka. Jina la Faraday lilipopendekezwa ili ajiunge na Royal Society, Davy aliyekuwa rais wa chama hicho alilipinga. Januari 1824 kura zilipigwa kwa siri, na Faraday akapita. Kura moja tu ilikuwa ya kumkataa.

Lililo la kustaajabisha ni kwamba Faraday hakuwahi kumlipiza Davy kwa ubaya. Hadi mwisho wa uhai wake alimtaja kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu.

Pete ya chuma

Katika miaka ya 1820 alijaribu mara kadhaa kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku, akashindwa. Aliandika kila jaribio lililoshindwa kwa uangalifu ule ule wa jaribio lililofaulu.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, bila waya hizo kugusana. Moja aliiunganisha na betri, nyingine na waya uliopita juu ya sindano ya dira. Alipounganisha betri sindano ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoitenganisha ilishtuka tena, kuelekea upande wa pili. Umeme haukuzalika kwa sumaku kuwapo tu. Ulizalika pale nguvu za sumaku zilipobadilika.

Oktoba mwaka huo alisukuma sumaku ndani ya koili ya waya na kuivuta nje, na umeme ukapita. Siku chache baadaye alizungusha kisahani cha shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Ile pete ndiyo babu wa transfoma zinazoning'inia kwenye nguzo za stima katika vijiji vyetu. Kile kisahani ndicho babu wa majenereta ya Olkaria, Masinga na hata ya vinu vya upepo vya Ngong. Ukiondoa umeme wa paneli za sola, karibu umeme wote tuutumiao hutokana na kanuni hiyo.

Katika miaka iliyofuata aliweka kanuni za jinsi umeme unavyochanganua viowevu. Hapo alihitaji istilahi mpya, naye hakujua Kigiriki. Bila kujifanya mjuzi, aliwaendea wasomi, akiwamo William Whewell wa Cambridge, wakamsaidia kuunda maneno kama anodi, kathodi na ioni, ambayo hadi leo yanafundishwa katika shule zetu za upili.

Pengo lisilozibika

Kujisomesha kuna mipaka, na Faraday aliigonga. Hakujua hisabati ya juu. Aliielewa sumaku kwa kuwaza mistari ya nguvu inayoijaza nafasi iliyoizunguka, kama ile inayoonekana vumbi la chuma linaponyunyizwa juu ya karatasi iliyowekewa sumaku chini yake. Wataalamu wengi wa hisabati waliziona fikira hizo kuwa za mtu asiyeelimika vya kutosha.

Aliyezikomboa ni James Clerk Maxwell, kijana wa Scotland aliyesomea Cambridge. Kuanzia katikati ya miaka ya 1850 Maxwell alizitafsiri fikira za Faraday kwa lugha ya hisabati, na mwaka wa 1865 akachapisha nadharia iliyoonyesha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Redio na simu za mkono zimetoka humo. Faraday, mzee tayari, alimwandikia Maxwell mwaka wa 1857 akimuuliza kama wanahisabati hawangeweza kuyaeleza matokeo yao pia kwa lugha ya kawaida, ili watu kama yeye waweze kuyatumia katika majaribio. Aliyejisomesha na aliyesomeshwa walihitajiana.

Pengo jingine ni kwamba hakuacha wanafunzi wa kumrithi katika maabara. Kwa miaka mingi msaidizi wake alikuwa mmoja tu, Charles Anderson, aliyekuwa sajini wa jeshi. Alizoea kujifundisha mwenyewe hivi kwamba hakulea mwanagenzi wa aina yake.

Deni alililipa kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1820 Royal Institution ilianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni kwa watu wazima na ya Krismasi kwa vijana, na Faraday akawa mhimili wake. Kati ya 1827 na 1860 yeye mwenyewe alitoa mifululizo 19 ya mihadhara ya Krismasi. Uliovuma zaidi ulihusu mshumaa wa kawaida: kwa nini unawaka, unakula nini, moshi wake unakwenda wapi. Mtu aliyeanza na mwanga wa mshumaa darini sasa aliutumia kufungulia watoto mlango wa sayansi.

Kujihadhari na nafsi

Mwaka wa 1853 Uingereza ilikumbwa na wimbi la watu kuketi kuizunguka meza, kuiwekea mikono, na kudai kwamba mizimu inaisogeza. Faraday aliunda kifaa rahisi cha kuonyesha nani anatangulia kusogea, meza au mikono. Ikadhihirika kwamba mikono ndiyo iliyoisukuma meza, bila wenyewe kujua.

Mwaka uliofuata alitoa mhadhara kuhusu malezi ya akili. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba adui mkubwa wa anayejifunza si ujinga bali hamu yake ya kuamini lile linalompendeza. Mtu anayejisomesha hana mwalimu wa kumkosoa, kwa hiyo analazimika kuwa mkosoaji wa kwanza wa nafsi yake. Katika enzi hii ambapo kila aina ya habari hutufikia kupitia simu, hoja hiyo haijazeeka.

Heshima za kidunia alizikwepa. Alikataa cheo cha Sir na alikataa kuwa rais wa Royal Society. Serikali ilipomuuliza kuhusu kutengeneza gesi ya sumu ya kutumiwa katika Vita vya Crimea, alikataa kushiriki. Mwaka wa 1858 alikubali nyumba aliyopewa na Malkia Victoria huko Hampton Court, kwa kuwa kumbukumbu na nguvu zilikuwa zimemwishia.

Alifariki humo tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, chini ya jiwe lenye jina lake na tarehe mbili tu.

Wapo vijana wetu wengi ambao karo imewakatizia masomo, na wapo mafundi wa jua kali ambao hawajawahi kuona cheti. Masomo ya bure yamejaa kwenye intaneti, na maktaba za umma zipo, ijapokuwa si kila mahali. Faraday asingeyakosea shukrani hayo. Lakini maisha yake yanakumbusha kwamba kitabu hakitoshi: sharti kuwe na daftari, jaribio la mikono, mwenzi wa kujadiliana naye na ujasiri wa kuuliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa upande mwingine, yanawakumbusha na wale walio na maduka, karakana na ofisi. Jina la George Riebau lingalisahaulika kabisa, kama wenye maduka wengine wa mtaa wa Blandford. Linakumbukwa kwa sababu alisamehe ada moja, na alipomwona mwanagenzi wake amefungua kitabu cha mteja, alimwacha asome.